Kitambaa cha Kufutia Kamera

Vitambaa vyote ambavyo Nzau alifutia kamera yake nilimkatia mimi. Nilivitoa kwenye mabaki ya bitana, kile kitambaa laini tunachoshonea ndani ya koti, kwa sababu kitambaa kingine chochote, alisema, kinakwaruza kioo. Alikuwa navyo sita. Kimoja kilikaa mfuko wa shati, kimoja mfuko wa suruali, vingine kwenye mkoba, na kimoja alinipa mimi nikae nacho, endapo vingine vitapotea. Nilikitunza kama wanawake wengine wanavyotunza pete. Nilimpenda, na nalisema mapema ili tusilizunguke.

Tulikuwa tumekodi chumba kimoja orofa ya tatu, katika jengo lililo karibu na barabara ya Luthuli, katikati ya mji, tukakigawa kwa ukuta wa mbao nyembamba usiofika darini. Upande wangu kulikuwa na cherehani na nguo za watu. Upande wake kulikuwa na kompyuta iliyochoka, stendi ya miguu mitatu, na kamera ndogo ya mkono, ile ambayo wenye uwezo hununua ili kurekodi mtoto akikata keki. Kwa kamera hiyo Nzau alitengeneza matangazo ya biashara. Mwaka ulikuwa 2006. Kila mtu mjini alikuwa na kitu cha kuuza, na wengi wao hawakuwa na ubavu wa kuwaita wale mabwana wa Westlands wanaokuja na lori zima la taa.

Nzau hakuwa na lori. Taa zake zilikuwa zile kali za mafundi wa ujenzi, alizozipoza kwa karatasi ya kuokea keki. Maikrofoni aliifunga kwenye mpini wa ufagio. Mwanga aliurudisha usoni mwa mtu kwa ile karatasi ngumu ya rangi ya fedha ambayo wenye magari huweka kwenye kioo cha mbele ili usukani usiungue na jua. Mimi nilikuwa mshika karatasi, mpakaji wa poda, mke wa nyumbani katika tangazo la magodoro, na sauti ya kuku katika tangazo la chakula cha kuku. Hilo la kuku sitaki kulizungumza.

Lakini vifaa si kitu. Kilichomfanya Nzau awe Nzau ni kutazama. Kila jioni, saa kumi hivi, jua liligonga madirisha ya jengo la ng'ambo, likarudi kwetu, likaanza kutambaa ukutani, rangi yake kama chai iliyotiwa maziwa mengi. Nzau aliacha alichokuwa akifanya, hata kama ni simu ya mteja, akasimama tu. Mtu mzima wa miaka thelathini na mitatu, mrefu, shati limechomekwa vizuri, anatazama ukuta.

"Beryl, hebu ona," alikuwa akisema.

"Naona ukuta," nilikuwa nikimjibu. "Na landlord akiona hiyo nyufa atasema ni sisi."

Hakukasirika. Nikibaki peke yangu, hata hivyo, niliutazama ule mwanga kwa siri, na siku nyingine niliona kwamba si mwanga unaosogea, ni jengo zima linaondoka, polepole kabisa, na cherehani zangu na kelele zote za redio za kule chini, linaelekea Limuru nasi tumo ndani tumelala macho wazi. Nilishona pindo nyingi za suruali zikiwa zimepinda kwa sababu ya mambo hayo.

Alikuwa mpole, ila ukikaribia kioo cha mbele cha kamera ungemjua. Vumbi la mji lilikuwa adui wake. Alifuta kabla ya kupiga, akafuta baada ya kupiga, akafuta akiwa anaongea nawe habari nyingine. Mwenye shule ya udereva aliwahi kunyoosha kidole akauliza, "Hapa ndio picha inaingilia?" akakigusa kioo. Nzau alimwambia akanawe mikono, kama anavyoambiwa mtoto, na yule mzee akaenda akanawa.

Sasa nije kwa mama yake, maana habari hii ni yake pia.

Kavata alifanya kazi miaka ishirini na mmoja nyumbani kwa Daktari Kibe, Spring Valley. Alipika, akafua, akalea watoto wa wenyewe, akapiga nta sakafu ya mbao kila Jumamosi akiwa amepiga magoti. Magoti hayo ndiyo yaliyomsomesha Nzau, mwanawe wa pekee, mpaka akapata kazi ya kutunza faili katika hospitali moja ya Parklands. Kazi ya tai na mshahara wa mwisho wa mwezi. Siku alipoleta barua ya kuajiriwa, Kavata alifanya kama wazee wao walivyofanya kule Machakos. Alimwambia anyooshe mikono, akamtemea mate viganjani, kidogo tu, vitone vyepesi, akasema, "Ngai akuathime," yaani Mungu akubariki. Nzau akajipaka kifuani.

Aliponisimulia mara ya kwanza nilikunja pua, kwa kuwa mimi si Mkamba. Akanieleza taratibu. Mate ya mzazi, alisema, yanatoka palepale maneno yanapotoka. Ukishatemewa hupangusi, unayaacha yakauke yenyewe.

Miaka saba baadaye aliiacha ile kazi. Aliinunua kamera kwa mtu aliyekuwa akihama nchi, akaipeleka nyumbani Kangemi, akaiweka mezani mbele ya mama yake, akapiga goti na kunyoosha mikono. Kavata alimtazama. Akaitazama kamera. Kisha akameza mate.

"Aliyameza nikiona," Nzau aliniambia. "Niliona koo ikienda."

Majirani walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Miezi minne baadaye Kavata alianguka mlangoni mwake akiwa na karai la nguo, na kiharusi kikachukua mkono na mguu wake wa kushoto. Guu lilivunjika kweli, ila halikuwa la Nzau. Kanisa lilimletea kiti cha magurudumu. Daktari wa hospitali alisema ni presha iliyokaa miaka bila kutibiwa, nami nilimsikia kwa masikio yangu, lakini Nzau aliamini kwamba ni yale mate. Alilisema mara moja tu, na nilimgombeza mpaka fundi wa saa wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini. Hakulisema tena. Aliendelea kuliamini.

Radhi ni bora kuliko mali, watu husema, na husema kwa urahisi kwa sababu wengi wanayo. Nzau hakuwa nayo na hakuthubutu kuiomba mara ya pili. Kila jioni alirudi Kangemi, akamlisha mama yake, akamsukuma hadi mlangoni aone wapita njia, wakaongea juu ya sukuma wiki na umeme kupotea. Kuhusu kamera hawakuongea. Akijaribu kumwonyesha tangazo lake, Kavata alishika gurudumu kwa ule mkono mzima akageuza kiti, akaangalia ukuta. Kitu kimoja tu alikitazama kwenye televisheni, na hakukikosa hata siku moja: taarifa ya habari ya saa moja.

Mwezi wa Agosti akaja Wangui, mwenye duka la mapazia Biashara Street. Alikuwa mama wa makamo, mnyamavu, anayegusa kila kitambaa kwa vidole viwili kabla ya kuketi. Aligusa hata sketi niliyokuwa nikishona.

"Sitaki kelele," alimwambia Nzau. "Sitaki mtu akipayuka ati bei poa, bei poa. Nataka mtu akiona aseme, hiyo nyumba ningependa kukaa."

"Itatokea wapi?"

"Kwa TV. Nimechukua sekunde thelathini, Ijumaa ya wiki ijayo, kabla tu ya habari ya saa moja."

Nzau aliweka chini kitambaa alichokuwa akifutia. Nilikuwa nyuma ya mbao lakini nilijua anachoona. Aliona chumba cha Kangemi, kiti cha magurudumu kimeelekezwa kwenye televisheni dakika moja kabla ya saa moja, na mama yake hana nafasi ya kugeuka.

"Nitafanya," alisema.

Shida ikawa nyumba. Wangui alikaa Kileleshwa, kwenye fleti nzuri yenye vigae, lakini dirisha lake la sebule lilitazamana na jikoni la jirani, na mwanga ulioingia pale ulikuwa mwanga wa kuomba. Tulizunguka siku tatu. Nyumba zenye madirisha makubwa zilikuwa na mbwa, na wenye mbwa hawakutaka kusikia habari za mapazia.

Jioni ya Jumatatu nilikuwa Kangemi, nimempelekea Kavata gauni nililompanulia. Nzau alikuwa akinong'ona nami karibu na mlango, akisema labda amrudishie Wangui kazi yake. Kavata alikuwa ametupa mgongo, anakula.

"Kwa Daktari kuna dirisha ya ngazi," akasema.

Tukageuka. Tangu augue maneno yake yalitoka moja moja, kama mtu anayechagua mchele.

"Saa kumi na moja jua inaingia hapo. Inashuka ngazi moja, halafu ingine, mpaka chini. Ikifika chini inakaa kidogo, halafu inaenda. Kila siku nilikuwa nangoja ishuke ndio niwashe jiko."

Alirudi kwenye sahani yake. Nilimtazama Nzau, naye alikuwa akimtazama mama yake vilevile anavyotazama ukuta. Miaka yote hiyo nilidhani kutazama kwake kulikuwa kichaa chake mwenyewe, kumbe kilikuwa cha kurithi.

Daktari Kibe alikuwa amestaafu na kuhamia Nyeri, na nyumba aliiacha mikononi mwa mtunza bustani, Mutiso. Tulimpigia simu kwa simu yangu, nikiwa nimeishika sikioni mwa Kavata. Wakasalimiana kwa muda mrefu. Mwisho wake Daktari akaniambia, "Kama Kavata atakuwepo, ingieni Jumatano. Bila yeye hapana. Hiyo nyumba ni yeye anaijua."

"Mwaitu, utaenda?" Nzau aliuliza. Ndivyo Wakamba wanavyomwita mama.

"Siendi juu ya kamera," Kavata alisema. "Naenda kuona hamkwaruzi sakafu."

Jumatano tulifika saa nane, kwa teksi, mapazia yakiwa juu ya magoti yetu. Nilikuwa nimeyashona mwenyewe kwa kitambaa cha Wangui, mepesi, rangi ya ndani ya ganda la yai. Spring Valley ilikuwa kimya kiasi kwamba ungesikia majani yakianguka. Mutiso alifungua geti, akavua kofia.

"Kavata. Umerudi."

"Nimekuja kukagua," Kavata alijibu.

Tulitundika. Nzau alikuwa ameliona tangazo lote kichwani, naye alinieleza kwa mikono. Pasiwe na mtu. Kamera iingie mlangoni, iteleze ushorobani, ipite chini ya ngazi wakati jua linashuka, iingie sebuleni ambako mapazia yanainuka kwa upepo na kutua. Yote kwa mara moja, bila kukata, kama vile mtu aliyekuwa mbali sana amerudi nyumbani na kila kitu kiko mahali pake.

Ili kamera iteleze alikuja na toroli kuukuu ya supamaketi, aliyoikomboa kwa watu wa vyuma chakavu. Aliiweka mlangoni, ikalia kwa magurudumu yake ya chuma.

"Hiyo mkokoteni haipiti hapa," Kavata akasema. "Hii mbao nimeipiga nta miaka ishirini na moja."

Nzau hakubishana. Alijaribu kuibeba kamera mkononi akitembea kwa magoti yaliyokunjwa, lakini kamera nyepesi hutikisika hata ukimeza mate, na tulipoangalia picha ilikuwa kama ya mtu anayekimbizwa. Saa ilikuwa kumi na dakika arobaini. Mutiso, aliyekuwa amesimama na kofia yake, ndiye aliyesema kilichokuwa mbele ya macho yetu sote.

"Si kuna hicho kiti. Mpira yake ni laini."

"Tunaweza kukuweka kwa sofa kidogo, Mama," nilimwambia Kavata. "Nzau akae hapo, mimi nisukume."

"Niketi kwa sofa ya Daktari kama mgeni? Sitoki," akasema. Kisha, bila kumtazama mtu, "Leta hiyo kitu nishike."

Nzau alichukua kale kamfuko ka maharagwe alikokuwa akitumia kuituliza kamera, akakaweka mapajani mwa mama yake, akaiketisha kamera juu yake. Akachukua mkono wa kulia wa mama yake, akauweka ubavuni mwa kamera. Kavata alikuwa mama mzito, na kiti kilichobeba mtu mzito hakirukiruki. Kilipoanza kusogea hakikutoa sauti yoyote.

Mara ya kwanza tulifika katikati ya ushoroba, kamera ikageuka kushoto na kubaki huko.

"Mutiso," Kavata alisema, "hii dirisha hupangusi."

Mara ya pili tulikwenda vizuri hadi ngazini, na wingu likaziba. Nyumba yote ikawa ya kijivu. Mutiso aliangalia juu, akasema jua likishapita ile miti ya jirani ndiyo basi, na miti haikuwa mbali. Siku nyingine hatukuwa nayo, kwa kuwa Alhamisi asubuhi Daktari alikuwa akija na wageni wake. Tukarudi mlangoni tukangoja. Nzau alisimama nyuma ya kiti, mikono yote miwili kwenye vishikio. Mimi nilikuwa mbele na karatasi yangu ya fedha, nikiwaona wote wawili.

Katika kungoja huko Kavata aliinamisha macho. Kamera zile zilikuwa na kioo kidogo cha pembeni kinachofunguka, ukubwa wa pasipoti, na ndani yake mlikuwa na ushoroba, na sakafu, na ngazi. Alitazama kwa muda mrefu. Alikuwa ameipangusa ile sakafu maelfu ya mara akiwa karibu nayo kiasi cha kuinusa. Nadhani hakuwahi kuiona nyumba hiyo kwa umbali wa mtu anayeingia.

"Nzau," alisema.

"Naam, mwaitu."

"Hii ndio wewe huona?"

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Kila siku, mwaitu."

Mahali fulani nje Mutiso aliwasha bomba la maji, akalizima. Kisha Kavata aliinua kamera kutoka kwenye maharagwe kwa ule mkono mmoja, akaigeuza imwelekee usoni, kama unavyomgeuza mtoto kidevu ili umwone vizuri.

"Si ndio mikono yako hii," akasema. Akaitemea mate kwenye kioo cha mbele, vitone vyepesi. "Ngai akuathime."

Akairudisha juu ya maharagwe, ikitazama mbele.

Mimi sikufikiri. Miaka miwili alikuwa amenifundisha, na mkono wangu ulikuwa umeshatoa kitambaa cha bitana na kuinama mbele ya kamera kabla kichwa hakijajua.

"Usiguse," Nzau akasema.

"Itaonekana, Nzau. Wangui ataikataa."

"Beryl. Usiguse."

Sikuwahi kusikia sauti yake ikiwa hivyo, chini sana, kama mtu anayeongea akiwa usingizini na anaogopa kuamka. Nilimtazama na machozi yalikuwa yamefika kidevuni, na hakuweza kuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa kwenye kiti. Wakati huohuo ngazi ya juu kabisa ikapata rangi.

Tukaenda. Nilitembea kinyumenyume nimeshika karatasi yangu, nikiwaona wakija, mama ameketi wima na kamera mapajani, mwana nyuma yake, na wote wawili wana uso uleule. Jua lilishuka ngazi moja, halafu nyingine, kama alivyosema. Lilifika chini pamoja nasi. Sebuleni upepo uliinua mapazia, ukayashikilia, ukayashusha, na hakuna aliyepumua. Nilisahau kwamba tunauza kitambaa. Nilijiona nimefika mahali nilipokuwa nikienda siku zote zile nilipolitazama lile jengo likiondoka. Kavata aliishikilia kamera bila kutikisika mpaka mwanga ukazima, na hata baadaye.

Usiku ule haukuwa na usingizi, lakini sitausimulia. Alhamisi mchana Wangui alikuja kuona. Kwenye kompyuta mate yalionekana wazi: pembeni juu, upande wa kulia, palikuwa na ukungu mdogo, na kila jua lilipopita hapo ukungu uliwaka na kusambaa. Sehemu nyingine yote ilikuwa safi kama maji ya kisima. Nzau alisimama wima, mikono nyuma.

Wangui alitazama mara moja. "Hapa kuna nini?" akauliza, akinyoosha vidole viwili.

"Ni kitu ilikuwa kwa kioo," Nzau alisema.

"Si huwa unapangusa?"

"Huwa. Hii sikupangusa."

"Unaweza kuitoa?"

"Hapana."

Hakuomba radhi wala hakutunga sababu za kitaalamu, na mimi niliyekuwa na uongo mzuri kumi tayari mdomoni sikutoa hata mmoja. Niliogopa. Kama Wangui angesema hapana, saa moja ya Ijumaa ingepita na mama angetazama kitu kingine, na baraka ile ingebaki katika kanda ndogo ndani ya droo yetu.

"Weka tena," Wangui alisema. Akatazama mara ya pili, na ya tatu. Mara ya tatu alikuwa ameweka mkono shavuni. "Hiyo mwanga ya hapo juu," akasema. "Inakaa kama asubuhi, kabla watu waamke. Wacha tu hivyo."

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu nilikuwa Kangemi. Nilijipangia safari ya uongo ya kupeleka vifungo, na Nzau hakuniuliza vifungo vya nini. Umeme ulikuwepo. Kavata alikuwa mahali pake, kiti kimeelekea televisheni, mkono mzima juu ya gurudumu. Hatukumwambia lolote. Nzau aliketi sakafuni karibu na mlango, kama mtu aliye tayari kukimbia.

Likaja tangazo la sabuni, likaja la simu. Kisha kelele zote zikakatika. Mlango, ushoroba, sakafu iliyong'aa, ngazi na jua likishuka. Na kule juu pembeni ule ukungu ulikuwa ukiwaka, mdogo, laini, kwenye televisheni za watu wote wa nchi hii waliokuwa wakingoja habari. Nilimtazama Kavata. Mkono wake uliondoka kwenye gurudumu, nikadhani anageuka. Alinyoosha kidole tu, kuelekea ile kona.

Mapazia yakainuka, yakatua. Likatokea jina la duka, likapotea.

"Hukupangusa," Kavata alisema.

"Sikupangusa, mwaitu."

"Wameona watu wote."

"Wote."

Alitikisa kichwa polepole, akakubali. Nzau aliinamisha uso magotini akalia kwa sauti, mtu mzima na shati lake limechomekwa, miaka miwili yote ikitoka kwa mara moja. Mimi nilikitoa kile kitambaa changu cha bitana, ambacho hakikuwa kimetumika, nikampa apanguse uso.

"Fundi," Kavata akaniambia, macho kwenye televisheni, "ongeza sauti. Huyu analia na mimi nataka habari."